Daktari Anajibu: Ini Lipimwe Kabla ya Dripu ya Kwanza

Toleo lililopita lilikuwa na sentensi mbili tu kuhusu kupima virusi vya homa ya ini kabla ya tibakemikali, na sentensi hizo zimetuletea barua nyingi kuliko makala yote yaliyokuwa humo. Tumechagua barua sita, tumezifupisha, na tumeondoa kila kinachoweza kumtambulisha aliyeandika. Nikisema homa ya ini bila kutaja aina, nakusudia aina ya B, kwa sababu ndiyo inayowaletea wagonjwa wa saratani matatizo makubwa zaidi. Aina ya C nimeigusa katika jibu lake.

Daktari, pole na kazi. Mume wangu ana saratani ya mitoki, na alipokwenda kuandaliwa kwa dripu ya kwanza alitolewa damu ya kupima homa ya ini. Amerudi nyumbani amenuna, anasema hajawahi kuugua manjano maishani mwake na kwamba wanamdhania mambo mabaya. Kipimo hiki kina uhusiano gani na saratani yake? – Mke wa mgonjwa

Mama, mwambie mzee kwamba hakuna aliyemdhania lolote. Kipimo hicho kinapaswa kufanyiwa kila anayeandaliwa kwa dawa za saratani, awe bibi wa miaka 80 au kijana wa miaka 20, kwa sababu ule utaratibu wa kuchagua wa kupimwa kwa kuuliza maisha yao umeshindwa. Zamani kliniki nyingi zilipima wale tu walioonekana kuwa na sababu ya kuambukizwa, na miongoni mwa walioachwa wakapatikana waliorudi na macho ya manjano. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kilishauri kwamba wagonjwa wote wapimwe kabla ya tiba au inapoanza, bila kusubiri majibu ndipo dawa itolewe.

Hoja yake kwamba hajawahi kuugua manjano haithibitishi kitu, na pengine inathibitisha kinyume. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa mara nyingi haoneshi dalili yoyote, ilhali takriban watoto 9 kati ya 10 wa namna hiyo hubaki na virusi kwa maisha yao yote. Mtu mzima mwenye afya njema ndiye anayeweza kuugua waziwazi, akageuka manjano, kisha akavishinda, kama wanavyofanya zaidi ya 95 kati ya 100. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B sugu, na ni 13 tu kati ya kila 100 waliokuwa wamepimwa na kujijua.

Sasa uhusiano wake na saratani. Kirusi kikiingia kwenye seli ya ini hupeleka vinasaba vyake hadi ndani ya kiini cha seli, na huko hujifunga kuwa pete ndogo ambayo dawa zilizopo leo haziwezi kuing'oa. Kinga ya mwili nayo haiing'oi yote. Huikalia tu, ikainyima nafasi ya kuzaa. Dawa za saratani huidhoofisha kinga hiyo, na steroidi kama prednisoloni, ambazo kwa wagonjwa wengi wa limfoma, yaani saratani ya mitoki kama ya mumeo, ni sehemu ya tiba yenyewe, zina ubaya wa ziada kwa sababu huvichochea vinasaba vya kirusi moja kwa moja. Virusi huanza kuzaliana kimya kimya: mgonjwa hasikii maumivu, hamu ya chakula ni ileile iliyoletwa na dripu, na vimeng'enya vya ini, vinavyopimwa katika damu kuonesha kama ini linaumia, bado vinasomeka sawa. Madhara huja baadaye, pale kinga inapoanza kurejea kati ya dripu moja na nyingine au baada ya dripu ya mwisho, ikakuta seli za ini zimejaa virusi na kuzishambulia kwa mkupuo. Kwa hiyo manjano huweza kutokea wakati nyumba nzima imeshaanza kushukuru kwamba tiba imekwisha.

Nitumie nafasi hii kulilalamikia jina lenyewe. Wengi wenye homa ya ini hawana homa, na wapo wanaoichanganya na homa ya manjano, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa unaoenezwa na mbu. Mumeo huenda alikataa ugonjwa ambao hata si huo aliopimwa.

Nina limfoma na nitapewa rituksimabu pamoja na dawa nyingine. Kwenye karatasi ya maabara kipimo cha kwanza cha homa ya ini ni hasi, cha pili ni chanya, cha tatu ni hasi. Daktari ameniandikia vidonge vya kila siku na amesema nitavimeza zaidi ya mwaka. Kama kipimo cha kwanza ni hasi, natibiwa ugonjwa gani? – Msomaji wa muda mrefu

Bwana, swali lako ndilo lililonifanya niombe kurasa zaidi kwa mhariri. Chukua tena karatasi hiyo uiweke mezani.

Mstari wa kwanza, ulioandikwa HBsAg, unatafuta ganda la kirusi lenyewe katika damu. Ni ile protini aliyoikuta Baruch Blumberg katika miaka ya 1960, ikaitwa antijeni ya Australia kabla haijajulikana kuwa ni ya kirusi hiki, na iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Ukiwa chanya, virusi vimo katika damu sasa hivi. Wako ni hasi, na hadi hapo una haki ya kufurahi.

Mstari wa pili, anti-HBc, hautafuti kirusi bali alama iliyoachwa na kinga yako: kingamwili dhidi ya moyo wa kirusi. Mwili hauitengenezi kingamwili hiyo kwa sababu ya chanjo, kwa kuwa chanjo ina ganda peke yake. Huitengeneza kwa kukutana na kirusi kizima. Wako ni chanya, maana yake ni kwamba wakati fulani, pengine ungali mtoto, kirusi kilipita mwilini mwako, ukakishinda bila kujua, na zile pete nilizomweleza mama hapo juu huenda bado zimo ndani ya baadhi ya seli za ini lako. Mstari wa tatu, anti-HBs, ni kingamwili dhidi ya ganda, ile inayopatikana kwa kupona au kwa kuchanjwa. Wako ni hasi, na hilo linaongeza hadhari kidogo kwa sababu wenye kingamwili hiyo huamshiwa virusi mara chache zaidi kuliko wasio nayo, ingawa hata wao hawako salama kabisa.

Kwa mtu asiyepewa dawa za kupunguza kinga, karatasi kama yako ingefungwa ikawekwa. Kwako haiwezi kufungwa kwa sababu ya rituksimabu. Dawa hii huondoa katika damu seli B, ambazo ni sehemu ya kinga inayotengeneza kingamwili, na huziondoa kwa miezi mingi baada ya dripu ya mwisho. Katika utafiti uliofanywa Hong Kong na kuchapishwa mwaka 2009, wagonjwa wa limfoma waliokuwa na majibu ya aina yako waligawanyika hivi: kati ya 21 waliopewa tibakemikali pamoja na rituksimabu, 5 waliamshiwa virusi na mmoja wao alikufa kwa ini kushindwa kufanya kazi, kati ya 25 waliopewa tibakemikali hiyohiyo bila rituksimabu, hakuna hata mmoja. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza rituksimabu na dawa ndugu yake ofatumumabu ziandikwe onyo la juu kabisa kuhusu jambo hili.

Kwa hiyo jibu fupi la swali lako ni kwamba hutibiwi ugonjwa. Unazuiwa usiupate upya. Vidonge huanza kabla ya rituksimabu au pamoja nayo, na huendelea kwa angalau miezi 12 baada ya dripu ya mwisho. Miongozo ya Ulaya inasema 18 kwa dawa za kundi hili. Kama ungekuwa unapewa tibakemikali ya kawaida kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana, tuseme, daktari angeweza kukuacha bila vidonge na kukupima damu kila baada ya miezi mitatu hivi, mradi upimaji huo ufanyike kweli na si kwa maneno tu. Anayepandikizwa uboho huwekwa kundi moja nawe.

Nina neno moja kwa wahudumu wanaosoma safu hii. Kipimo cha haraka kinachotumika mahali pengi, kile cha tone la damu na kijistari kinachosubiriwa kwa dakika 15 au 20, husoma HBsAg peke yake. Ni kipimo kizuri kwa kazi yake, lakini mgonjwa kama huyu bwana angeambiwa ni hasi, akarudi kwenye foleni ya rituksimabu na karatasi safi mkononi. Pia damu ya kipimo itolewe kabla ya mgonjwa kuongezewa damu au kupewa dripu ya kingamwili za watu wengine, kwa sababu anti-HBc ya mchangiaji inaweza kuonekana kana kwamba ni ya mgonjwa.

Nina saratani ya titi na nimekutwa na HBsAg chanya. Shemeji yangu anasema mtu mwenye virusi vya ini hapewi dripu, na kwamba ni lazima nitibu ini kwanza kwa mwaka mzima. Nimekata tamaa. – Dada mwenye wasiwasi

Dada, shemeji yako ana nia njema lakini amekosea, na kosa lake lingeweza kuigharimu afya yako. Saratani ya titi haisubiri ini litibiwe. Kinachofanyika ni kuanza vidonge vya kufubaza virusi mapema iwezekanavyo, kabla ya dripu ya kwanza au siku hiyohiyo, kisha dripu iendelee kwa ratiba yake. Wenye HBsAg chanya ndio walio katika hatari kubwa kuliko wote wakiachwa bila vidonge, na hapo aina ya saratani haiwaokoi. Dawa kama doksorubisini, inayotumika sana kwa saratani ya titi, iko miongoni mwa zile zinazoamsha virusi. Tiba ya homoni peke yake ndiyo isiyohesabiwa kuwa na hatari hiyo.

Uliza ni kidonge gani unachopewa. Kwa miaka mingi kilichopatikana kilikuwa lamivudini, na kwa kweli kilisaidia wengi, lakini virusi hujifunza kuikwepa. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa China uliolinganisha dawa mbili kwa wagonjwa 121 wa limfoma wenye HBsAg chanya waliokuwa wakipewa rituksimabu na tibakemikali: waliomeza lamivudini, 30 kati ya 100 waliamshiwa virusi, na waliomeza entekaviri ni karibu 7 kati ya 100. Leo miongozo hupendelea entekaviri au tenofoviri, ambazo virusi huchelewa sana kuzizoea.

Hizo mbili nazo zina masharti yake, na hapa ndipo ninapoona makosa madogo yanayoharibu tiba nzuri. Entekaviri humezwa tumbo likiwa tupu, saa mbili baada ya kula na saa mbili kabla ya kula tena. Wagonjwa wengi huona wepesi kuimeza wakati wa kulala. Tenofoviri ya kawaida haina sharti hilo la chakula, lakini inaweza kuelemea figo, na kama kwenye dripu yako kuna sisplatini, ambayo nayo huumiza figo, daktari anapaswa kulijua hilo kabla ya kuandika. Zaidi ya hayo, pima virusi vya UKIMWI kabla ya kuanza entekaviri. Dawa hiyo ikitolewa peke yake kwa mtu mwenye VVU ambaye hatibiwi, inaweza kuvifundisha VVU usugu dhidi ya dawa zake za baadaye.

Unaweza kula na wanao sahani moja. Homa ya ini B huenezwa kwa damu, kwa ngono na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, si kwa chakula wala kwa kukumbatiana. Wembe, mswaki na kikata kucha viwe vyako peke yako, na watu wa nyumbani wapimwe. Wasio na virusi wala kinga wachanjwe.

Nimemaliza dripu zote sita miezi minne iliyopita na picha zinaonesha saratani haipo. Bado nameza vidonge vya ini. Vimeng'enya vyangu ni sawa na virusi havionekani kwenye damu. Naweza kuacha? – Mstaafu

Mzee wangu, usiache. Virusi havionekani kwa sababu unameza vidonge.

Nilimpoteza mgonjwa kwa jambo hili hili, naye alikuwa mtu makini anayeandika kila kitu kwenye daftari. Alimaliza tiba, akaambiwa na mtu mmoja wa dirisha la dawa kwamba vidonge vile ni vya muda wa dripu tu, naye akaviacha bila kutuuliza. Alirudi baada ya wiki kadhaa, macho yana rangi ya binzari na usingizi haumtoki. Tulimrudishia vidonge siku hiyohiyo, lakini vidonge huzuia virusi visizaliane. Seli za ini zilizokwisha kuharibika havizirudishi.

Hesabu ya muda huanzia dripu ya mwisho, si siku uliyoambiwa saratani haionekani. Wewe bado una miezi minane kwa uchache, na kama katika dawa zako ilikuwamo rituksimabu, ni zaidi ya hiyo. Wapo pia ambao kabla ya saratani virusi vyao vilikuwa vingi au ini lilikuwa limeanza kuwa na makovu, na hao huendelea na vidonge kwa sababu ya ini lenyewe hata miezi 12 ikipita. Siku daktari atakapokuruhusu kuacha, mwombe tarehe za vipimo vya baadaye, kwa kuwa virusi vinaweza kuamka baada ya kidonge cha mwisho. Ukibakiwa na vidonge vya wiki moja, huo ndio wakati wa kwenda kuchukua vingine. Usisubiri kopo liishe.

Daktari, shikamoo. Mama yuko kwenye dripu ya tatu. Tangu juzi macho yake ni ya njano na mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Hakuna anayekumbuka kama alipimwa homa ya ini. Je, ni virusi? – Binti yake

Marahaba, binti. Nimekujibu kwa njia nyingine siku barua ilipofika, na nilichokuandikia ni hiki: mpeleke leo, usingoje siku ya kliniki.

Inaweza kuwa ni virusi. Inaweza pia kuwa ni dawa mojawapo ya dripu, uvimbe unaobana mfereji wa nyongo, dawa za kienyeji alizopewa kwa nia njema, au panadoli aliyomeza kupita kiasi kwa ajili ya maumivu. Hakuna anayeweza kuzitenganisha sababu hizo kwa kuangalia macho, na ndiyo maana daktari atahitaji HBsAg, anti-HBc, kiasi cha virusi katika damu, vimeng'enya vya ini, kipimo cha kuganda kwa damu, na picha ya ini. Beba dawa zote anazotumia, pamoja na zile mnazoona aibu kuzionesha. Akianza kuchanganyikiwa, kulala mchana na kukesha usiku, au kutoka damu puani na kwenye fizi, ini limeanza kushindwa, na hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Dripu ya nne isitolewe hadi sababu ijulikane, lakini wewe usiisimamishe kwa kumficha nyumbani. Waache wanaomtibu waisimamishe wakijua kwa nini.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya saratani. Nina maswali matatu mafupi: homa ya ini C nayo huamka? Mgonjwa anayemeza ARV anahitaji vidonge vya ziada? Na mimi niliyechanjwa, vipimo vyangu vitasomekaje?

Ya kwanza: huamka, lakini kwa kawaida kwa upole zaidi kuliko B, na ini kushindwa kwa sababu hiyo ni nadra. Jambo jema ni kwamba C inapona. Vidonge vya wiki 8 hadi 12 huwaponya zaidi ya 95 kati ya 100, na daktari wa saratani na wa ini hupanga kwa pamoja wakati wa kuvitoa. Kuna mtego mmoja hapo. Mwenye B na C kwa pamoja akitibiwa C, B inaweza kuamka, na FDA ilitoa onyo kuhusu hilo mwaka 2016. Kwa hiyo B ipimwe kwanza hata kwa asiyekuwa na saratani.

Ya pili: aghalabu hapana. Dawa nyingi za ARV za siku hizi zina tenofoviri pamoja na lamivudini, na zote mbili hufubaza homa ya ini B. Hatari hutokea pale ARV zinapobadilishwa, kwa mfano ili kuzikinga figo, na tenofoviri ikaondolewa bila mtu kukumbuka kwamba ndiyo iliyokuwa imelikinga ini. Andika kwenye faili lake, kwa wino unaoonekana, kwamba ana B.

Ya tatu: aliyechanjwa tu husomeka HBsAg hasi, anti-HBc hasi, anti-HBs chanya. Ila ukipimwa siku chache baada ya kuchomwa dozi, HBsAg inaweza kusoma chanya kwa muda mfupi, kwa sababu ganda lililoonekana ni lile lililotoka kwenye sindano; hali hiyo imewahi kuonekana hadi siku 18 baada ya dozi. Ukitolewa damu karibu na chanjo, andika tarehe ya chanjo kwenye fomu ya maabara.